Futi Ngapi, Kutoka Wapi?

Hotuba iliyotolewa Dodoma mbele ya wanafunzi wa sayansi, walimu wao na marubani walio mafunzoni. Imepangwa upya kidogo ili isomeke.

Mbukwenyi!

Mwenyekiti wa shughuli, walimu, wanafunzi, na ninyi marubani wanafunzi mliokaa mistari ya mbele, asanteni kwa kunikaribisha. Niliombwa nizungumzie usalama wa anga kwa ujumla. Nimeomba ruhusa nizungumzie kifaa kimoja tu, tena sehemu ndogo ya kifaa hicho: kidirisha chenye namba nne kilichopo kwenye uso wa altimita, kifaa kinachomwonyesha rubani kimo cha ndege. Nimefundisha urubani kwa miaka mingi, na kama kuna mahali ambapo mtu makini, aliyefaulu mitihani yake yote, anaweza kuishusha ndege nzima hadi ardhini huku moyo wake umetulia, ni kwenye kidirisha hicho.

Abiria wengi wanaamini kwamba altimita inajua ndege iko juu kiasi gani. Haijui. Haioni ardhi, haioni mlima, haijui hata kama chini kuna bahari au mbuga. Inachojua ni uzito wa hewa inayoizunguka, basi. Ndani yake mna vikopo bapa vya bati jembamba, vimepangwa kimoja juu ya kingine, vimezibwa baada ya hewa ya ndani kutolewa. Ndege ikipaa, hewa ya nje inapungua nguvu, vikopo vinavimba kidogo sana. Ikishuka, vinabanwa. Vijiti na magurudumu madogo yenye meno yanaukuza mwendo huo hadi mshale unazunguka. Hewa yenyewe inaingia kupitia tundu dogo lililotobolewa ubavuni mwa ndege. Hicho ni kipimo cha mgandamizo wa hewa ambacho uso wake umeandikwa futi badala ya hektopaskali.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko ndege kwa zaidi ya miaka mia mbili na hamsini. Mwaka 1648 Mfaransa Blaise Pascal alimwomba shemeji yake, Florin Périer, apande mlima wa Puy de Dôme na bomba la zebaki. Kadiri alivyopanda, zebaki ilishuka. Tangu siku hiyo ilijulikana kwamba ukiupima mgandamizo wa hewa unaweza kukadiria umepanda kiasi gani. Lakini kutoka hapo hadi kifaa ambacho rubani anaweza kukitegemea gizani ilichukua muda. Paul Kollsman, Mjerumani aliyehamia Marekani, alitengeneza mwaka 1928 altimita nyepesi yenye usahihi wa kutosha, na tarehe 24 Septemba 1929 James Doolittle aliitumia kuruka na kutua akiwa amefunikwa, haoni nje kabisa, anasoma vifaa tu. Kile kidirisha mpaka leo marubani wengi duniani wanakiita kwa jina la Kollsman.

Sasa tazameni hii niliyoishika. Ni ya zamani, imetolewa kwenye ndege ndogo iliyostaafu, lakini inafanya kazi. Hapa kulia, kidirisha: namba yake ni mgandamizo wa hewa, kwa hektopaskali. Hapa chini kushoto, kirungu cha kuzungushia. Nimeweka 1016, na mshale unasema futi 3,700 na kidogo. Hatujaruka, tumekaa kwenye viti ukumbini. Nazungusha kirungu taratibu hadi 1013. Mmeona? Mshale umeshuka kwa futi kama 80. Ukumbi haujashuka. Mimi sijashuka. Namba ya kidirishani imepungua tatu, na kifaa sasa kinaamini tuko chini zaidi. Hektopaskali moja, futi 27 hivi. Kumi, futi 270 hadi 280. Wanaojifunza kuruka wakariri hiyo kabla ya kula chakula cha jioni.

(Hapa mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita aliombwa apande na altimita hiyo ngazi hadi ghorofa ya tatu, akiwa ameambiwa agonge kioo kwa ncha ya kidole kabla ya kusoma, kwa sababu mshale wa kifaa cha zamani hung'ang'ania. Aliporudi alisema mshale ulipanda futi kama 30.)

Futi thelathini kwa ngazi za jengo. Hivyo ndivyo ilivyo nyepesi kuhisi. Na ndiyo maana haina huruma: inamtii yeyote anayezungusha kirungu, sahihi au kimakosa.

Fundi ujenzi akipima ukuta kwa futi kamba, namba anayoisoma juu haina maana mpaka ujue ncha ya chini ameishikilia wapi: kwenye msingi, kwenye sakafu, au juu ya tofali la tatu. Altimita ni hivyo hivyo. Kidirisha ndicho kinachoamua ncha ya chini imeshikiliwa wapi. Kila mara rubani anaposema "futi elfu tano", swali linalotakiwa kufuata hapo hapo ni: kutoka wapi?

Majibu yako matatu. Ukiweka namba inayoitwa QNH, altimita inasoma kimo juu ya usawa wa bahari. Ukiwa umetua inakuonyesha kimo cha uwanja wenyewe. Ukiweka QFE, inasoma kimo juu ya uwanja. Ukitua inasoma sifuri. Ukiweka 1013, yaani mgandamizo wa kawaida uliokubaliwa duniani kote, haisomi kimo cha kutoka mahali popote unapoweza kupagusa kwa mkono. Inasoma umbali kutoka kwenye tabaka la hewa lenye mgandamizo huo, popote lilipo siku hiyo.

Hapa Dodoma jibu la pili karibu halipo. Wanafunzi wanaosoma vitabu vya Ulaya hawaambiwi hivyo, na ningependa wasikie kwa mtu wa hapa. Uwanja wetu wa mjini uko futi 3,673 juu ya usawa wa bahari. Ukitaka altimita isome sifuri ukiwa umeegesha pale, itabidi uweke kidirishani karibu 888. Jaribuni na hii ya kwangu. Inagoma kabla ya 940. Altimita nyingi kidirisha chao huanzia karibu 945 au 950, kwa sababu waliozitengeneza walifikiria viwanja vilivyo jirani na bahari. Kwa hiyo rubani wa nyanda za juu hana njia ya mkato ya kutua akisoma sifuri. Lazima azoee kuishi na hesabu ya kutoa kichwani: mshale unasema 4,700, uwanja uko 3,673, basi niko futi elfu moja na kidogo juu ya ardhi. Rubani aliyezoea Dar es Salaam, ambako uwanja wa Julius Nyerere uko futi 182 tu, anaweza kuruka mwaka mzima bila kuifanya hesabu hiyo kwa dhati. Siku anapokuja huku, 4,700 inamwonekania juu.

Na hilo si la kufikirika. Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways ilikuwa inakaribia kutua Nairobi. Mwongoza ndege aliiruhusu ishuke hadi futi 7,500. Marubani walielewa 5,000. Uwanja wa Nairobi uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari. Yaani walikubali kushuka hadi kimo kilichoko chini ya ardhi, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu kwenye viwanja vingi vya dunia futi 5,000 ni juu sana, ni mahali salama pa kuanzia kutua. Ndege iliingia kwenye wingu ikiwa inashuka. Ilipotoka chini ya wingu waliiona ardhi, wakavuta. Ilifika futi 70 juu ya ardhi ikiwa bado maili kadhaa kabla ya njia ya kurukia. Altimita zao siku ile zilikuwa nzima, na kidirisha kilikuwa kimewekwa vizuri. Kilichokosekana ni lile swali. Elfu tano kutoka wapi? Kutoka baharini. Na uwanja uko wapi? Juu ya hapo. Sekunde mbili za kufikiri.

Sasa tuifuate safari moja, kutoka hapa hadi Dar es Salaam, nioneshe kirungu kinaguswa lini.

Kabla ya injini kuwaka, rubani anazunguka ndege kwa miguu. Wengi wanatazama matairi, mafuta na mabawa. Atazame pia lile tundu dogo la ubavuni. Hapa kwetu kuna vumbi jekundu, na kuna nyigu wajenzi ambao ndege ikilala siku mbili tatu wanaona tundu lile ni nyumba ya bure. Tundu likiziba, vikopo vinabaki vimezungukwa na hewa ile ile ya uwanjani, na mshale unaganda palepale hata ndege ikipaa. Oktoba 1996 ndege ya Aeroperu ilianguka baharini usiku karibu na Lima, watu wote 70 wakafa, kwa sababu waliosafisha ndege waliziba matundu hayo kwa utepe na utepe haukuondolewa. Marubani walipambana gizani na vifaa vilivyokuwa vikisema uongo. Kwa hiyo kidole kipite pale. Pasafishwe na fundi, asipulize mtu kwa mdomo, kwani unaweza kuviharibu vile vikopo.

Halafu anaingia, anachukua QNH kutoka kwa mwongoza ndege au taarifa ya hali ya hewa ya uwanja, anaiweka, anatazama mshale. Usome 3,673, au karibu sana na hapo kulingana na mahali ulipoegesha. Ukitofautiana kwa zaidi ya futi 60 hivi, mahali palipo na altimita ya kawaida, ndege hiyo haipai mpaka fundi aione. Hapa ndipo nawasihi sana. Jaribio hili ndilo pekee katika safari nzima ambapo unajua jibu kabla ya kuuliza. Kimo cha uwanja kimeandikwa, hakibadiliki, na wewe umekanyaga juu yake. Ukishaondoka ardhini hutapata tena shahidi wa namna hiyo mpaka utue. Nimewaona wanafunzi wakiuzungusha mshale hadi usome 3,673 bila kuitazama namba iliyotokea kidirishani. Fanya yote mawili. Weka namba uliyopewa, kisha uulize mshale. Ukianza na mshale umejinyima ushahidi.

Na hapo pana mtu ambaye hatajwi. Ile namba haikutoka hewani. Kuna mtumishi wa Mamlaka ya Hali ya Hewa aliyeamka usiku, akasoma barometa, akafanya hesabu ya kuishusha hadi usawa wa bahari, akaituma. Saa tisa usiku, mvua ya Januari inapiga bati, yeye anasoma barometa. Uhai wa abiria umepita mikononi mwake kabla haujafika kwa rubani, na ni wachache wanaojua kama yupo.

Ndege inapaa, bado iko kwenye QNH. Hiyo ndiyo sahihi, kwa sababu jirani na ardhi unachotaka kujua ni milima iko wapi, na milima kwenye ramani imepimwa kutoka usawa wa bahari. Mashariki yetu kuna Rubeho na Ukaguru, na mbele zaidi, juu ya Morogoro, Uluguru ambayo vilele vyake vinapita mita 2,600, yaani zaidi ya futi 8,500. Lugha ya altimita na lugha ya ramani zinatakiwa ziwe moja.

Ikipita kimo cha mpito, rubani anazungusha hadi 1013, na kuanzia hapo hasemi tena futi, anasema leveli. Kimo hicho cha mpito kimeandikwa kwenye chati ya kila uwanja. Marekani ni futi 18,000 nchi nzima, kwingineko kinatofautiana nchi na nchi, hata uwanja na uwanja. Usikibebe kichwani kutoka ulikosomea. Kisome.

Kwa nini tuache namba ya kweli ya Dodoma tuweke namba ambayo huenda si ya kweli mahali popote? Kwa sababu juu kule hofu si mlima tena, ni ndege nyingine. Anayekwenda Dar es Salaam anaelekea mashariki, anapewa leveli ya elfu witiri, tuseme 170, yaani futi elfu kumi na saba. Anayerudi Dodoma anaelekea magharibi, anapewa shufwa, tuseme 180, yaani elfu kumi na nane. Wanapishana juu ya Morogoro, kati yao futi elfu moja. Wakiwa wote kwenye 1013, hata kama mgandamizo halisi ni mwingine, wamekosea sawasawa, na ile futi elfu moja ipo. Mmoja akisahau akabaki na 1018 ya Dodoma, atakuwa chini ya anapodhani kwa futi 135 hivi, na nafasi kati yake na wengine imeliwa kwa kiasi hicho. Kwetu ni futi 135. Ulaya siku ya dhoruba, mgandamizo ukiwa 980, aliyesahau analiwa karibu futi 900 kati ya elfu moja.

Ngojeni nikae hapo kidogo, maana ndipo ninapoogopea vijana wetu.

Sisi tunaishi jirani na Ikweta. Mgandamizo wa hewa hapa hauchezi sana. Wiki nzima QNH inaweza kuzunguka namba zile zile, na mwanafunzi akaanza kuamini kwamba anaijua kabla hajaambiwa. Kuna mdundo wa kila siku, ndiyo: hewa ya nchi za joto hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kama maji ya bahari. Mgandamizo unafika juu karibu saa nne asubuhi, unashuka hadi karibu saa kumi alasiri, unapanda tena hadi saa nne usiku, unashuka tena hadi alfajiri. Kati ya saa nne na saa kumi tofauti inaweza kufika hektopaskali tatu au nne. Kwa hiyo rubani aliyeweka QNH asubuhi, akaruka, akarudi alasiri bila kuibadilisha, anatua na mshale unaosema yuko juu kwa futi mia moja zaidi ya alivyo. Hali ya hewa ni safi, anaiona njia ya kurukia, anatua salama. Kesho anarudia. Hakuna kinachomwadhibu, na tabia inakomaa. Miaka mitano baadaye kijana huyo ameajiriwa, anarusha ndege kubwa kuingia mji wa kaskazini usiku wa mvua, mgandamizo umeanguka hektopaskali ishirini tangu alipoondoka, na mkono wake umezoea kwamba namba ile haina haraka.

Kanuni yenyewe ni fupi. Namba ya kidirishani ikiwa kubwa kuliko ukweli, mshale unakuambia uko juu kuliko ulivyo. Huo ndio upande unaoua. Ikiwa ndogo kuliko ukweli, uko juu kuliko mshale unavyosema. Unaweza kuvuruga mpangilio wa ndege nyingine, lakini ardhi iko mbali. Unaporuka kutoka mgandamizo mkubwa kwenda mdogo bila kugusa kirungu, unaingia ule upande wa kwanza.

Na joto nalo lina sehemu yake. Hewa ya baridi imesinyaa, kwa hiyo futi za altimita zinakuwa fupi. Uwanja wa pwani ya kaskazini ukiwa na baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, ndege inayosoma futi 2,000 juu ya uwanja iko pungufu kwa karibu futi 240, hata QNH ikiwa sahihi kabisa. Hapa Dodoma hatulioni hilo. Kwa kimo chetu, hewa ya kawaida ya vitabuni ingekuwa na nyuzi 8 hivi, na sisi hata asubuhi za Julai tunapovaa makoti tuko juu ya hapo. Joto letu linaiweka ndege juu kidogo ya mshale, upande salama. Hatari yetu ya joto ni nyingine: alasiri ya nyuzi 30 injini na mabawa vinafanya kazi kama vile uwanja uko zaidi ya futi 6,000, na altimita haitakuambia neno kuhusu hilo. Hiyo ni mada nyingine, walimu wenu wataimaliza.

Tunashuka sasa. Mwongoza ndege wa Dar es Salaam anakuruhusu ushuke hadi kimo fulani, anakupa QNH. Unaacha 1013. Huu ndio wakati wenye ajali nyingi za kidirisha, kwa sababu kazi zimerundikana: mwendo, matairi, redio, mvua, na abiria aliyesimama. Rubani anayerusha anaweka, anasema namba kwa sauti. Rubani msaidizi anaweka ya kwake, anasema namba kwa sauti. Wanalinganisha mishale miwili wakipita kimo kimoja. Na redioni namba inarudishwa kwa mwongoza ndege tarakimu moja moja: moja, sifuri, moja, moja.

Lakini kurudisha namba kunamkamata rubani aliyesikia vibaya. Hakumkamati mwongoza ndege aliyesema vibaya. Tarehe 23 Mei 2022, Airbus A320 ilikuwa inatua uwanja wa Charles de Gaulle, Paris. Mvua, njia haionekani. QNH halisi ilikuwa 1001. Mwongoza ndege akawapa 1011. Wakairudisha kama walivyopewa, 1011, kila mtu akaridhika. Tarakimu moja. Futi 280. Walikuwa wanashuka kwa mteremko ambao kompyuta ya ndege inaukokotoa kutokana na altimita, kwa hiyo mteremko wote ulihamia chini pamoja na mshale, na kila kifaa mbele yao kilisema wako sawasawa. Walipofika kimo cha kuamua, wasipoona njia, wakapaa. Altimita ya redio, ile inayopima kwa mawimbi hadi ardhini, baadaye ilionyesha kwamba walikuwa wamefika futi 6. Futi sita, kama maili moja kabla ya njia ya kurukia, bila magurudumu kugusa. Hakuna aliyekufa, na ndiyo maana wengi hawajaisikia.

Dawa ya kosa la namna ile ni kuwa na namba ya pili kutoka chanzo kingine: taarifa ya hali ya hewa iliyotangazwa, uliyoiandika kabla ya kuanza kushuka. Ukipewa namba inayotofautiana nayo kwa zaidi ya hektopaskali moja au mbili, uliza. "Thibitisha QNH." Maneno mawili. Najua vijana wetu tumelelewa kutomhoji mkubwa, na mwongoza ndege sauti yake ni ya mamlaka, na kepteni wa kushoto ana mvi. Uliza hata hivyo. Mwongoza ndege mzuri anashukuru akiulizwa. Na kepteni anayekukemea kwa kuuliza QNH, wewe endelea kuuliza.

Wale mtakaokwenda nje, jambo moja zaidi. Marekani wanapima kwa inchi za zebaki, na 1013 yetu kwao ni 29.92. Mwongoza ndege wa huku akisema "tisa tisa mbili", akimaanisha hektopaskali 992, rubani aliyezoea inchi anaweza kusikia 29.92, kwa sababu sikio lake limeshazoea tarakimu hizo. Tofauti ni hektopaskali 21, karibu futi 600, na yote upande unaoua. Kila mara namba ikiwa chini ya 1000, itajwe pamoja na kipimo chake.

Kuhusu uwanja mpya wa Msalato nimeulizwa hapa mlangoni. Jibu langu ni kwamba uko kwenye uwanda ule ule, lakini ni uwanja mwingine wenye kimo chake, na mtu aliyekariri 3,673 ya mjini asiende nayo huko. Atazame chati.

Imebaki hatua ambayo karibu kila mtu anairuka. Umetua, umeegesha, abiria wanateremka. Kabla ya kuzima, tazama mishale. QNH ya uwanja huo imo kidirishani, kimo cha uwanja unakijua. Umepata tena shahidi wako. Kama asubuhi Dodoma mshale ulizidi kwa futi 20, na Dar es Salaam umezidi kwa futi 50, kuna kitu kinaanza kulegea ndani ya vile vikopo au kwenye mpira unaoleta hewa. Bado uko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa, hakuna atakayekulaumu ukikaa kimya. Andika kwenye kitabu cha ndege: namba, saa, uwanja. Kesho saa kumi na moja alfajiri rubani mwingine atakifungua kitabu hicho akiwa ameshika tochi, na fundi atajua pa kuanzia.